Maswali ya Wasomaji: Filamu Iliyoishitaki Sheria

Baada ya makala yetu fupi kuhusu Victim, filamu ya Uingereza ya mwaka 1961 iliyopinga sheria ya kuwafunga wanaume wenye mapenzi ya jinsia moja, tumepokea barua nyingi kuliko nilivyotazamia. Baadhi zina hasira, na sikuzitupa. Nimechagua zile zinazouliza jambo linaloweza kujibiwa kwa ushahidi wa filamu yenyewe au wa historia. Wapo walionitaka niseme wazi niko upande gani. Naamini sheria ile ilikuwa dhuluma, na majibu yangu yote yanaanzia hapo, lakini nitajitahidi kumwachia msomaji nafasi ya kupima ushahidi mwenyewe.

*Ndugu Mwandishi, niliitafuta filamu hiyo na kuitazama hadi mwisho. Nilitarajia utetezi wa watu wanaoonewa, nikakuta hadithi ya upelelezi yenye polisi, picha ya siri na watu wanaodai fedha. Kwa nini waliificha hoja yao nyuma ya hadithi ya polisi? — Mpenzi wa filamu za zamani*

Sidhani waliificha. Hadithi ile ya upelelezi ndiyo hoja yenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ubora wa kazi ya mwongozaji Basil Dearden, mtayarishaji Michael Relph na waandishi wake, Janet Green na John McCormick.

Rudi kwenye dakika za mwanzo. Kijana Barrett, karani wa mishahara katika kampuni ya ujenzi, yuko juu ya jengo ambalo bado linajengwa, anaiona gari ya polisi ikiingia, anashuka mbio na kutoroka. Ameiba pauni 2,300 za mwajiri wake. Kwa muda mrefu mtazamaji hajui fedha hizo zimekwenda wapi, kwa maana Barrett mwenyewe anaishi maisha ya kimaskini, wala hana dalili ya mtu aliyejinufaisha. Polisi nao wanalishangaa jambo hilo hilo. Jibu linapojitokeza, tunafahamu kwamba kila senti iliingia mikononi mwa watu waliokuwa na picha yake akiwa ndani ya gari na wakili mashuhuri, Melville Farr, na waliotishia kuipeleka mahali ambapo ingewaangamiza wote wawili.

Sasa tazama jinsi sheria inavyofanya kazi ndani ya tukio moja tu. Barrett anampigia Farr simu ili kumwonya na kumwomba msaada. Farr anamkatia, kwa sababu anaamini kijana huyo mwenyewe ndiye anayetaka kumtoza fedha kwa vitisho. Watu wawili waliopendana hawawezi hata kuaminiana kwenye simu, kwa kuwa chini ya sheria ile kila anayeijua siri yako ana silaha mkononi. Barrett anajaribu kuliharibu daftari alilobandikia vipande vya magazeti vyenye habari za Farr, polisi wanamkamata, wanayaokota mabaki na kuyaunganisha kipande kwa kipande. Kijana huyo anakataa kulitaja jina la Farr, na anajiua akiwa mahabusu. Farr anakuja kuelewa, ikiwa imeshachelewa, kwamba simu aliyoikata ilikuwa ya mtu aliyekuwa akimlinda.

Kuanzia hapo Farr anawafuatilia watishaji, na upelelezi wake unatupitisha katika nyumba na maduka ya watu wengine wanaolipa. Kuna Henry, kinyozi mzee aliyekwisha kufungwa mara nne na ambaye anauza duka lake ili ahamie Kanada, kwa sababu hana nguvu za kufungwa mara ya tano. Kuna mwigizaji wa jukwaani anayesifiwa na umma kila usiku. Kuna muuza magari, na kuna mtu wa ukoo wa kibwanyenye. Hawafanani kwa kazi, kwa mali wala kwa tabia, na wengine hata hawapendezi. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wanatozwa na hakuna hata mmoja anayeweza kwenda polisi, kwa maana kutoa taarifa ya kutishiwa ni sawa na kukiri kosa linalompeleka mtoa taarifa gerezani. Mwizi wa kawaida huogopa kwamba aliyeibiwa atapiga kelele, ilhali mwizi huyu analindwa na sheria dhidi ya kelele hizo.

Kama filamu ingekuwa na wakili anayesimama mahakamani na kutoa hotuba ndefu kuhusu haki, mtazamaji wa mwaka 1961 aliyewachukia watu hawa angeondoka ukumbini na chuki yake ikiwa salama. Hadithi ya upelelezi inamnasa kwa njia nyingine. Mtazamaji wa upelelezi hutaka mhalifu akamatwe, na humu anagundua kwamba hawezi kumtaka mhalifu akamatwe bila pia kuitaka sheria iondoke. Hata kiongozi wa genge, Bi Benham, mwanamke wa makamo anayefanya kazi katika duka la vitabu, hatozi kwa tamaa ya fedha peke yake. Anawachukia wanaume hawa kwa moyo wote na anajiona mlinzi wa maadili. Naona yeye ndiye mhusika anayetisha kupita wote, kwa sababu mambo anayoyasema yalikuwa yakisemwa na watu wengi waliojihesabu kuwa wema.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Inspekta katika filamu anasema kwamba kesi nyingi kabisa za kutoza fedha kwa vitisho, kufikia asilimia 90, zilitokana na mapenzi ya jinsia moja. Je, takwimu hiyo ni ya kweli? Na sheria yenyewe ilikuwa ipi hasa?*

Marahaba. Nianze na sheria, kisha nije kwenye takwimu, kwa sababu swali lako la kwanza ndilo zito zaidi.

Uingereza ilikuwa na sheria dhidi ya ulawiti tangu mwaka 1533, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, na adhabu yake ilikuwa kifo. Wanaume wawili wa mwisho kunyongwa kwa kosa hilo walinyongwa London mwaka 1835, na adhabu ya kifo ikaondolewa mwaka 1861. Lakini sheria inayoitawala filamu hii ni ya baadaye. Mwaka 1885 Bunge lilikuwa likijadili mswada wa kuwalinda wasichana dhidi ya biashara ya ukahaba. Mbunge Henry Labouchere akapachika kifungu kilichofanya tendo lolote la aibu kati ya mwanamume na mwanamume, hata faraghani na kwa hiari ya wote wawili, kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili, pamoja na kazi ngumu au bila kazi ngumu. Kifungu hakikueleza tendo hilo ni lipi, na utata huo ndio uliokipa makali. Mwendesha mashitaka hakuhitaji tena kuthibitisha ulawiti, kwani barua, kukumbatiana au ushahidi wa mtu mmoja aliyebanwa na polisi ungeweza kutosha. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa kwa kifungu hicho mwaka 1895. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa kifungu hicho hicho Alan Turing, mwanahisabati aliyesaidia kuzivunja siri za mawasiliano ya Wajerumani wakati wa vita. Alikuwa amekwenda polisi kuripoti kwamba nyumba yake imevunjwa, na katika kuhojiwa akakiri uhusiano wake na kijana mmoja, akageuka kutoka mlalamikaji kuwa mshitakiwa. Alikubali kutibiwa kwa homoni badala ya kufungwa, akafariki mwaka 1954. Ukiisoma kesi hiyo utaelewa kwa nini hakuna mhusika wa Victim anayethubutu kupiga simu polisi.

Mwaka 1954, baada ya kesi kadhaa zilizowahusu watu mashuhuri na kuzua mjadala magazetini, serikali iliunda kamati chini ya John Wolfenden. Ripoti yake ya Septemba 1957 ilipendekeza kwamba mapenzi ya hiari kati ya wanaume watu wazima, faraghani, yasiwe tena kosa la jinai. Kati ya wajumbe 13, mmoja tu, James Adair wa Scotland, ndiye aliyelipinga pendekezo hilo. Serikali ililiweka kando. Kwa hiyo filamu ilipotoka mwaka 1961, pendekezo lilikuwa limekaa kabatini kwa miaka minne, na lengo la waandishi lilikuwa kulitoa humo.

Sasa takwimu. Ripoti hiyo hiyo ya Wolfenden ilizihesabu kesi za kutoza fedha kwa vitisho zilizoripotiwa polisi nchini England na Wales kati ya 1950 na 1953. Zilikuwa 71, na 32 kati yake zilihusiana na mapenzi ya jinsia moja. Hiyo ni asilimia 45 hivi, yaani nusu ya ile inayotajwa na inspekta. Mwanasheria makini hawezi kuitumia ile asilimia 90 mahakamani. Hata hivyo, usiiache hesabu ya Wolfenden isimame peke yake bila kuuliza swali ambalo filamu inakufundisha kuuliza: kesi hizo 71 ni zile zilizoripotiwa. Henry kinyozi hayumo ndani yake. Barrett hayumo. Kundi la watu ambalo kila mmoja wake alikuwa na sababu ya kunyamaza bado lilitoa karibu nusu ya kesi zote zilizofika polisi. Kwangu mimi hesabu hiyo ndogo na ya kweli inatisha kuliko ile kubwa iliyotiwa chumvi, na natamani waandishi wangeitumia.

*Je, mwigizaji mkuu hakuogopa? Nimesoma kwamba alikuwa kipenzi cha wasichana wa Uingereza. — Msomaji wa siku nyingi*

Alikuwa kipenzi hasa. Dirk Bogarde alijulikana kwa filamu nyepesi za kuchekesha, hususan ile ya mwaka 1954 ambamo aliigiza mwanafunzi wa udaktari, na alihesabiwa miongoni mwa nyota waliowavuta watazamaji wengi zaidi nchini mwake. Kukubali nafasi ya Farr kulimaanisha kuiweka sifa hiyo yote rehani. Sylvia Syms naye, aliyeigiza mke wa Farr, aliipokea nafasi ambayo waigizaji wengine wa kike walikuwa wameikataa.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni lile ambalo mke anamtaka mumewe aseme ukweli. Farr anazungukazunguka kama wakili anayekwepa swali, mke hamwachii, mpaka mume anakiri kwa sauti iliyopanda kwamba aliacha kuonana na kijana yule kwa sababu alimtamani. Bogarde alisimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyetaka maneno hayo yasemwe waziwazi. Litazame tena tukio hilo, uangalie uso wa Syms. Mke hapigi kelele. Anasikiliza kama mtu ambaye alishajua kitambo na sasa anasikia alichokijua.

Kuhusu woga wako juu ya kazi yake, haikufa. Ilibadilika, na miaka iliyofuata alichukua nafasi ngumu na nzito ambazo asingepewa zamani.

*Mimi ni mwalimu wa fasihi. Naipongeza nia ya filamu, lakini ina kasoro ambayo makala yenu hayakuigusa. Farr amesafishwa. Hakuwahi kufanya lolote na Barrett, ameoa, ni wakili mwenye heshima. Wengine wote ni watu wa kuhurumiwa, na wawili wanakufa. Je, huo si utetezi wa mtu aliyepakwa chokaa, badala ya utetezi wa watu kama walivyo?*

Mwalimu, sehemu kubwa ya hoja yako naikubali. Farr ameandikwa kwa namna ambayo hata mtazamaji mkali asipate pa kumshika. Hisia anazo, tendo hakulitenda, na ndoa yake inasimama kama shahidi wa kujizuia kwake. Maana yake, swali gumu zaidi, yaani kama mtu aliyetenda naye anastahili kuachwa kwa amani, linabebwa na wahusika wa pembeni ambao hawapewi muda wa kutosha. Henry anafariki kwa ugonjwa wa moyo baada ya duka lake kuvunjwavunjwa. Furaha haipo popote kwenye filamu. Hakuna watu wawili wanaoonyeshwa wakiishi pamoja kwa utulivu, wakila chakula cha jioni na kugombana juu ya mambo madogo.

Lakini nakuomba uyaangalie mazingira ya utengenezaji kabla ya kutoa alama. Bodi ya udhibiti wa filamu ya Uingereza, chini ya katibu wake John Trevelyan, iliufuatilia mswada wa filamu tangu haijapigwa, ikataka baadhi ya maneno yapunguzwe, na mwishowe ikaipa daraja la X, yaani hakuna aliye chini ya miaka 16 kuingia. Nchini Marekani ilinyimwa muhuri wa kanuni za uzalishaji, ambao majumba mengi ya sinema yaliuhitaji. Farr mwingine, asiyejizuia na asiye na mke, asingefika kwenye skrini mwaka ule. Waandishi walijua ukubwa wa mlango uliokuwa wazi, wakampima mhusika wao kulingana nao.

Na kuna jambo moja ambalo naona unaliacha. Farr anapata fursa ya kunyamaza. Picha inarudi mikononi mwake, watishaji wamekamatwa, na angeweza kukaa pembeni na kupandishwa cheo cha Wakili wa Malkia, daraja la juu la taaluma yake, ambalo lilikuwa mlangoni. Anachagua kusimama mahakamani kama shahidi, akijua kwamba jina lake litachapishwa na kazi yake itakwisha. Mtu aliyeandikwa bila doa ili aheshimiwe anaombwa aitoe heshima hiyo hiyo kuwa gharama ya ukweli, na filamu haituahidi kwamba italipwa. Hapo chokaa inaanza kubanduka.

*Rafiki yangu anayeishi Ujerumani ananibishia kwamba Waingereza hawakuwa wa kwanza. Ni kweli?*

Ni kweli, na rafiki yako ana haki ya kujivunia. Mwaka 1919, miaka 42 kabla ya Victim, mwongozaji Richard Oswald alitengeneza filamu isiyo na sauti iitwayo Anders als die Andern, akishirikiana na daktari Magnus Hirschfeld, aliyeutumia uhai wake wote kupigania kufutwa kwa Kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani, kilichoyafanya mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa tangu 1871. Conrad Veidt aliigiza mpiga fidla anayempenda mwanafunzi wake na anayekamuliwa fedha na mtishaji. Anapochoka kulipa na kumshitaki, mtishaji anafungwa, lakini mpiga fidla naye pia anahukumiwa chini ya Kifungu cha 175. Adhabu yake ni ndogo, ila mikataba ya maonyesho inafutwa, milango inafungwa, na anajiua. Hirschfeld mwenyewe anatokea akiwa daktari na kutoa maelezo ya kitaalamu.

Filamu hiyo iliwezekana kwa sababu udhibiti ulikuwa umeondolewa baada ya kuanguka kwa Kaisari. Sheria mpya ya filamu iliporudi mwaka 1920, ikapigwa marufuku kwa umma na kuruhusiwa kwa madaktari na watafiti tu. Mei 1933 Wanazi waliivamia taasisi ya Hirschfeld jijini Berlin na kuvichoma vitabu vyake, na mwaka 1935 wakakikaza zaidi Kifungu cha 175. Ujerumani ilikifuta kabisa mwaka 1994. Filamu yenyewe imebaki vipande, na anayeitazama leo hujaziwa mapengo kwa picha za mnato na maandishi.

Utaona kwamba filamu mbili zilizotengenezwa na watu wasiofahamiana, katika nchi zilizopigana vita mara mbili, zilimchagua mtishaji yule yule kuwa adui. Sioni kama ni kuigana. Popote sheria inapoifanya siri ya mtu kuwa kosa la jinai, huzaliwa anayeiuza siri hiyo, na mwandishi yeyote anayechunguza maisha ya watu hao atakutana naye.

*Mnasema filamu ilipinga sheria. Je, iliibadilisha?*

Sheria ilibadilishwa na Bunge, baada ya miaka sita. Mbunge Leo Abse kwa upande mmoja na Lord Arran katika Baraza la Mabwana kwa upande mwingine waliusukuma mswada, ambao ulipata idhini ya kifalme tarehe 27 Julai 1967. Lord Arran alimwandikia Bogarde baadaye kuusifu mchango wa filamu. Hiyo ndiyo hati ya karibu zaidi ya ushahidi, na inatoka kwa mtu aliyeshika kalamu ya sheria, kwa hiyo naiheshimu. Ila ripoti ya Wolfenden, wanaharakati, baadhi ya viongozi wa kanisa na mabadiliko ya serikali vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Niseme tu kwamba filamu iliwapa watu wa kawaida uso wa kuuweka mahali palipokuwa na neno la kutisha.

Tena usidhani kwamba mwaka 1967 ulimaliza mambo. Umri wa kuruhusiwa uliwekwa miaka 21, wakati kwa wapenzi wa jinsia tofauti ulikuwa 16. Faragha ilitafsiriwa kuwa watu wawili tu, na chumba cha hoteli hakikuhesabiwa kuwa faragha. Wanajeshi na mabaharia wa meli za biashara waliachwa nje. Scotland ilisubiri hadi 1980, na Ireland ya Kaskazini hadi 1982, baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuamua kesi dhidi ya Uingereza mwaka mmoja kabla. Umri ulikuja kusawazishwa kwa sheria ya mwaka 2000. Msamaha wa kifalme kwa Turing ulitolewa mwaka 2013, miaka 59 baada ya kifo chake.

*Mambo ya Waingereza yanatuhusu nini? Sheria zetu ni zetu na maadili yetu ni yetu. — Msomaji asiyefurahishwa*

Nakushukuru kwa kuandika badala ya kuacha tu kutusoma. Suala la maadili kila mtu analo la kwake, na sitalimaliza kwa aya mbili. Suala la sheria lakini lina nyaraka. Vifungu vinavyotumika katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza vilianzia katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na watawala wa kikoloni, na maneno yake ya kuingiliana kinyume na maumbile yamebebwa karibu kama yalivyo hadi Afrika Mashariki. Kenya ilipata Kanuni ya Adhabu yake mwaka 1930, ikiwa koloni. Kifungu cha 162 kina adhabu ya hadi miaka 14, na kile cha 165, kinachohusu matendo ya aibu kati ya wanaume, ni mtoto wa moja kwa moja wa kifungu cha Labouchere. Huko Tanzania kifungu cha 154 kina adhabu ya kifungo cha maisha. India ilikiondolea makali kifungu chake cha 377 mwaka 2018 kwa hukumu ya Mahakama ya Juu. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufanya hivyo tarehe 24 Mei 2019. Unaweza kuzitetea sheria hizi kwa sababu zako, nami nitakusikiliza, lakini usiseme kwamba babu zetu ndio walioziandika.

Nasi pia tunayo filamu ya kuuliza swali hili. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Rafiki, kisa cha wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana huku baba zao wakishindana katika uchaguzi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na ikapigwa marufuku nyumbani kabla haijafika huko. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watu wakapanga foleni jijini Nairobi kuitazama. Ukiilinganisha na Victim utaona tofauti moja inayoeleza mengi. Kahiu alisema kwamba bodi ya filamu ya Kenya ilitaka abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, naye akakataa. Mwaka 1961 watu wa Dearden waliruhusiwa kupita wakiwa wameumizwa, wamekufa au wamejinyima, na wadhibiti wakaridhika. Wasichana wa Kahiu wanateseka pia, tena vibaya, wanapigwa na majirani na kutengwa, lakini filamu haiwataki wajute.